Kwa Anayeanza Kusoma Uchumi wa Soko Huria: Anza na Bei

Wengi wanaoanza kusoma fikra za uhuru wa mtu binafsi na soko huria huingilia mlango wa siasa, kwa kuwa wanataka kujua serikali iwe na ukubwa gani na kodi ipunguzwe au ifutwe. Ushauri wangu, baada ya miaka ya kusoma maandishi haya na kuyajadili na wanafunzi, ni kuyaweka kando maswali hayo kwa muda na kuanza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni bei. Asiyeelewa kazi ya bei atayapokea mengine yote kama imani, ama ya kukumbatia ama ya kukataa, na hatakuwa na namna ya kuyapima.

Mwaka 1920 mwanauchumi Ludwig von Mises aliuliza swali ambalo bado ndilo kiini cha mjadala huu: ikiwa ardhi, viwanda na mitambo yote ni mali ya dola, wala haviuzwi wala kununuliwa, afisa wa dola anayepanga uchumi atajuaje kama chuma kilichopo kijenge reli, madaraja au matrekta? Friedrich Hayek aliliendeleza swali hilo katika makala yake ya 1945, akaeleza kwamba ujuzi unaohitajika ili kuamua mambo kama hayo umetawanyika miongoni mwa watu wengi mno, na kwamba sehemu yake kubwa ni ujuzi wa mahali na wakati, usioweza kukusanywa katika takwimu na kupelekwa makao makuu. Mfano wake ni wa madini ya bati. Chanzo kimoja cha bati kikitoweka, au matumizi mapya yakipatikana, bei hupanda, na watu walio mbali huanza kulitumia kwa uangalifu bila hata kujua sababu. Urudie mfano huo mpaka uweze kuueleza kwa maneno yako mwenyewe, kisha ujiulize nini hutokea bei hiyo inapozuiwa kwa amri isipande. Uhaba unabaki palepale. Kilichoondolewa ni habari yake, na mgawanyo sasa hufanywa kwa foleni, kwa kujuana au kwa magendo.

Linalowakwaza wasomaji wapya kuliko jingine lolote, kwa maoni yangu, ni kuchanganya hoja mbili zinazofika karibu mahali pamoja kwa njia tofauti. Milton Friedman, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ubepari na uhuru, hutegemea sana matokeo: sera fulani ilikusudia nini, na kwa kweli ilizaa nini. Mwanafalsafa Robert Nozick, mwaka 1974, alianzia kwenye haki za mtu, ambazo kwake haziwezi kuvunjwa hata kama kuzivunja kungeleta manufaa kwa wengi. Ukimthibitishia mtu wa hoja ya kwanza kwamba kodi fulani imeleta nafuu kubwa, anawajibika kufikiri upya. Wa hoja ya pili hawajibiki. Kwa hiyo usimruhusu mzungumzaji yeyote, hata wewe mwenyewe, kurukia hoja moja kila anapobanwa katika nyingine.

Tena, wasome waandishi wenyewe kabla ya kuwasoma mashabiki wao. Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776, aliwashuku wafanyabiashara waziwazi, akionya kwamba watu wa biashara moja hukutana kwa nadra bila mazungumzo yao kuishia katika njama dhidi ya umma. Kutetea soko si kuwatetea wenye mitaji, na historia inalithibitisha hilo: sheria za nafaka zilizofutwa Uingereza mwaka 1846, ambazo zilibana uingizaji wa nafaka kutoka nje, ziliwanufaisha wenye ardhi kwa kupandisha bei ya chakula cha maskini, na waliopigania kufutwa kwake, akiwemo Richard Cobden, walikuwa watetezi wa biashara huria. Hayek naye alikubali kwamba jamii tajiri inaweza kumhakikishia kila mtu kima cha chini cha riziki, ilhali Murray Rothbard aliikataa dola kabisa. Hawa hawakuwa na kauli moja.

Wapinzani nao wasomwe mapema, hasa kuhusu madhara yanayomfikia mtu asiyekuwa sehemu ya mapatano, kama moshi wa kiwanda. Arthur Pigou, mwaka 1920, alipendekeza kodi kwa madhara ya aina hiyo. Ronald Coase alimjibu mwaka 1960 kwamba, haki za umiliki zikiwa wazi na kupatana kukiwa hakuna gharama, wahusika wenyewe wangeweza kufikia suluhu. Wengi hukomea hapo, nami nakusihi usikomee hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya makala yake inahusu dunia ambamo kupatana kuna gharama, na ambamo inabidi kulinganisha soko, kampuni, mahakama na serikali, kila kimoja na kasoro zake, katika kila jambo peke yake.