Stoo ya mabaki: tandaza bati kwanza, nguzo baadaye

Mkuu, umesema umemaliza nyumba huko Mafinga, umebakiwa na bati tano za futi 10, vipande vya mbao na tofali mia na ushee. Unataka stoo ya majembe na mbolea, fundi anasema ununue vitu vipya. Huyo mwache kwanza. Yangu iko Uyole, Mbeya, huu ni msimu wa nne wa mvua, na dukani nilinunua misumari, bawaba na mfuko mmoja wa saruji tu.

Ila ya kwanza niliiharibu. Nilisimamisha nguzo kwa macho, futi 10 kwa 10, kisha napandisha bati nakuta hazifiki. Nikabomoa. Mara ya pili nilitandaza bati chini uani, zikalaliana kama zitakavyokaa juu, nikatoa futi moja kila upande ya kumwagia maji. Kilichobaki ndicho kipimo cha stoo. Kwa bati zako tano utapata kama futi 8 kwa 8, usitamani zaidi. Mteremko mmoja unatosha: mbele futi 8, nyuma 6 na nusu.

Tofali usizipangie ukuta, hazitoshi hata robo. Zunguka nazo kozi (mistari) mbili tu, mbao zikae juu yake zisiguse udongo. Mimi nguzo za mlingoti nilizichimbia, mwaka wa pili nikazing'oa kwa mkono mmoja, mchwa walishamaliza. Kwenye kila kona zamisha kipande cha nondo kwenye zege, ukikunje juu ya mbao, maana stoo nyepesi upepo huinyanyua.

Kuta ni mabanzi, yaani vipande vya pembeni mwa gogo vyenye magome, na hapo ninyi wa Mafinga mna raha, viwanda vya mbao viko mlangoni. Bandua magome yote, ndiko wadudu wanakojificha. Paini mbichi ikikauka husinyaa, kwa hiyo hata ukibananisha leo, baada ya miezi miwili utaona mwanga. Subiri, kisha pigilia banzi jingine juu ya kila mwanya. Simamisha mabanzi wima, maji yateremke. Oili chafu ya gereji paka nje na chini tu, ndani itanuka hadi kwenye mahindi.

Bati zangu zilikuwa za kubomolea, zina matundu ya zamani. Niliyapuuza. Januari ile tone moja tu lilikuwa linaangukia mfuko wa urea, nilipoufungua nikakuta jiwe. Nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata vipande vya duara kama shilingi mia, kila tundu nikapiga msumari uleule ukiwa umevaa mpira. Hadi leo kavu. Na misumari piga mgongoni mwa bati, usipige bondeni maji yanakopita.

Mbolea iweke juu ya chaga, mbali na ukuta kiganja kimoja. Mlango uwe mbele, upande ule wa futi 8 kwenda juu. Wangu ulikuwa wa bafu la zamani, una dirisha dogo la kioo, mama watoto bado anaucheka.

Ukishatandaza bati leta vipimo hapa, tuhesabu papi (mbao za kupigilia bati) kabla hujakata mbao hata moja.