Majibu kwa Wasomaji: Soprano, Piano na Shairi

Ndugu Mjibu Maswali,
Mwezi uliopita nilihudhuria kwa mara ya kwanza tamasha la nyimbo za kisanaa, yaani mashairi yaliyotungiwa muziki wa sauti na piano. Jukwaani walikuwa watu wawili tu, mwimbaji wa sauti ya soprano, ile ya juu kabisa ya kike, na mpiga piano, bila maleba, bila mapambo na bila kipaza sauti. Nyimbo zote ziliimbwa kwa Kijerumani, lugha nisiyoijua. Wimbo wa kwanza ulipokwisha nilipiga makofi peke yangu, nikaona haya hadi mwisho. Nilitoka ukumbini nikihisi kwamba nimeshuhudia jambo kubwa lililonipita. Je, mtu kama mimi atapata faida gani akirudi tena?
Mgeni wa Nyimbo

Ndugu Mgeni,
Rudi, tena upesi, kwa sababu hisia hiyo ya kupitwa ni dalili kwamba masikio yako yalikwisha kushika kitu ambacho akili haijakipatia jina. Suala la makofi nilimalize haraka. Nyimbo za tamasha la namna hii hupangwa kwa mafungu, na kila fungu huwa na nyimbo kadhaa za mtunzi mmoja au za mshairi mmoja, zilizofuatanishwa ili utulivu wa wimbo huu uuandalie njia ukali wa ule unaofuata. Hadhira hungoja fungu zima liishe ndipo ipige makofi. Ukikosa uhakika, mtazame mpiga piano: mikono yake ikiwa bado juu ya vibonye, muziki haujaisha hata kama hausikiki, ikishuka mapajani na mwimbaji akalegeza mabega, wakati umefika. Hukumkosea mtu yeyote.

Suala la lugha ndilo zito. Mara nyingi wasikilizaji hugawiwa kijitabu chenye mashairi yote pamoja na tafsiri zake. Nakusihi usome tafsiri za kila fungu kabla halijaanza, kisha ukifunge kijitabu, kwa maana msikilizaji anayefuata mistari kwa kidole hufika mwisho wa wimbo akiwa amesoma vizuri na kusikia nusu. Ukishajua ni nani anayesema na kwa nini anasema, elekeza sikio lako kwenye piano. Wengi huja kumsikiliza soprano, nayo piano huichukulia kuwa kitu cha kuitegemeza sauti yake isianguke. Naamini kwamba hilo ndilo linalowanyima wageni utamu mwingi, kwa sababu katika nyimbo hizi shairi husemwa na watu wawili, na yapo mambo ambayo mwimbaji hayatamki kabisa.

Chukua wimbo ambao Franz Schubert, mtunzi wa muziki kutoka Austria, aliutunga tarehe 19 Oktoba 1814, akiwa na umri wa miaka 17, kutokana na tamthilia ya mshairi Mjerumani Goethe iitwayo Faust. Msichana Gretchen ameketi kwenye gurudumu la kusokotea uzi, na moyo wake umekosa utulivu kwa ajili ya mwanamume anayempenda. Mkono wa kulia wa mpiga piano huzungusha nota ndogondogo zisizokoma, nazo ndizo gurudumu. Mkono wa kushoto hudunda chini yake kama mguu unaokanyaga kikanyagio. Gretchen huanza kumkumbuka mpenzi wake: mwendo wake, tabasamu lake, macho yake, maneno yake, namna alivyomshika mkono, na mwishowe busu lake. Katika neno hilo gurudumu husimama. Goethe hakuandika popote katika beti hizo kwamba gurudumu lilisimama. Ni Schubert aliyeona kwamba mguu wa mtu aliyezama katika kumbukumbu kiasi hicho husahau kazi. Kisha, katika kimya hicho, piano hujaribu kuzunguka, husita, hujaribu tena, ndipo gurudumu hushika mwendo wake na msichana hurudia maneno aliyoanza nayo. Hayo yote huweza kusikiwa na mtu asiyejua Kijerumani hata neno moja, maadamu anajua kwamba kuna gurudumu na kwamba kulikuwa na busu.

Mfano mwingine hunigusa zaidi kila ninapousikia. Mwaka 1840, ndio mwaka aliomwoa Clara Wieck, mtunzi Mjerumani Robert Schumann alitunga nyimbo zaidi ya 100, na miongoni mwake umo mfululizo wa nyimbo 8 za mashairi ya Adelbert von Chamisso, uitwao Frauenliebe und -leben, yaani mapenzi na maisha ya mwanamke. Mwanamke huyu humwona mwanamume na kumpenda, huvishwa pete, huolewa, hupata mtoto, na katika wimbo wa mwisho humlilia mumewe aliyekufa. Sikubaliani na unyenyekevu uliopindukia ambao Chamisso amemvika mbele ya mwanamume huyo, na wasikilizaji wengi wa leo hukwazwa nao. Lakini baada ya mjane kunyamaza, piano hubaki peke yake, na kile inachokipiga ni muziki wa wimbo wa kwanza kabisa, wa siku ile alipomwona kwa mara ya kwanza. Safari hii muziki huo hauna maneno. Soprano husimama tu, akisikiliza pamoja nasi, na jinsi anavyosimama ni sehemu ya uimbaji wake. Anayepiga makofi mara tu sauti inaponyamaza hulipoteza jambo ambalo nyimbo zote 8 zilikuwa zikiliendea.

Ndugu Mjibu Maswali,
Naipenda sauti ya soprano, lakini inapopanda juu sana sisikii tena maneno, hata katika lugha ninayoijua vizuri. Je, ni uzembe wa matamshi? Na kwa nini mwimbaji asipewe kipaza sauti?
Mpenda Maneno

Ndugu Mpenda Maneno,
Si uzembe. Irabu tunazitofautisha kwa mivumo inayotokea kooni na kinywani. Katika irabu i na u, mvumo wa chini kabisa huwa karibu na mitetemo 300 kwa sekunde, na katika irabu a hufika takriban 700 au zaidi. Soprano anapoimba nota yenye mitetemo 880 kwa sekunde, nota ambayo kwake ni ya kawaida, sauti yenyewe imekwisha kuipita mivumo hiyo, kwa hiyo alama tuliyokuwa tukiitegemea kuitambua irabu haipo tena. Mwimbaji aliyefunzwa hufungua taya zaidi ili mvumo upande ukutane na nota, la sivyo sauti ingefifia, na matokeo yake ni kwamba irabu zote huelekea kufanana na a. Neno la busu katika wimbo wa Gretchen, ambalo kwa Kijerumani ni Kuss, lina irabu u na limewekwa juu, mahali hasa penye taabu hiyo. Nadhani unaona sasa jinsi kusimama kwa gurudumu kunavyolibeba neno ambalo irabu yake imeyeyuka.

Kuhusu kipaza sauti, nyimbo hizi zilianza kusikika katika vyumba vya nyumba za watu, kama zile za Vienna ambamo marafiki wa Schubert walikutana kumsikiliza, na hadi leo hupendeza zaidi katika kumbi ndogo. Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1901 na inayosifika kwa nyimbo za namna hii, ina viti takriban 550 tu. Spika ingeyaweka masikio yetu mbele ya sanduku lililo pembeni, ilhali tumekuja kusikia mnong'ono ukitoka kwa mtu tunayemwona akivuta pumzi.

Ndugu Mjibu Maswali,
Mimi ni kijana ninayejifunza piano. Nimeombwa kumpigia soprano katika tamasha lake la kwanza, na katika kila zoezi mwalimu wake huniambia nipunguze sauti. Je, nifunge kifuniko cha piano?
Mpiga Piano

Mpendwa kijana,
Swali lako lina wazee wake. Gerald Moore, mpiga piano Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1899 na 1987 na kuwapigia waimbaji wakubwa wa zama zake, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1962 chini ya jina linalouliza kama sauti yake imezidi. Kufunga kifuniko ni dawa dhaifu, kwa sababu piano iliyofungwa haipungui sauti tu, bali pia hukosa uwazi, na soprano anayesimama ubavuni mwake huanza kuitafuta nota anayopaswa kuegemea. Jaribu kwanza kukitegemeza kwa kijiti kifupi, kisha utafute wingi wa sauti mahali unapotokea, yaani kwenye pedali inayokanyagwa muda mrefu kuliko inavyohitajika na kwenye mkono wa kushoto unaopiga nota za chini kwa uzito. Muulize pia soprano mapema ataimba kwa kimo kipi cha sauti, si kwa nguvu gani, kwa kuwa nyimbo hizi huchapishwa kwa waimbaji wa sauti ya juu, ya kati na ya chini, na wimbo ulioteremshwa hufanya piano isikike nzito zaidi.

Kazi kubwa hata hivyo si ya vidole. Lisome shairi kwa sauti, mpaka uweze kulisema bila nota, na uimbe sehemu ya soprano wewe mwenyewe hata kama sauti yako si nzuri, ili mapafu yako yajue anapohitaji kuvuta pumzi. Utagundua kwamba konsonanti hutangulia pigo na irabu ndiyo inayotua juu yake. Bonyeza pamoja na irabu, nanyi mtakuwa pamoja bila kutazamana.

Wala usijifiche kila mahali. Katika Morgen!, mojawapo ya nyimbo nne ambazo mtunzi Mjerumani Richard Strauss alimzawadia Pauline de Ahna, mwimbaji wa soprano, walipooana mwaka 1894, piano ndiyo inayoanza, na huimba lahani yote peke yake kwa muda mrefu huku soprano amesimama kimya. Anapoingia, neno lake la kwanza ni "na", kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Piano isiposema jambo la maana kabla yake, hiyo "na" haina cha kuungana nacho. Mwambie mwalimu wake, kwa heshima, kwamba hapo hutapunguza. Na nota ya mwisho ikishafifia, usiondoe mikono kwenye vibonye mpaka useme moyoni mshororo wa mwisho wa shairi. Yupo msikilizaji mgeni anayeitazama ili ajue lini apige makofi.