Kuburuta faili: mara linahama, mara linabaki

Mkuu, umeuliza kwa nini ukiburuta faili kutoka deskitopu kwenda Documents linahama, ila ukiliburuta kwenda kwenye flashi linabaki na huku. Si virusi. Windows ndivyo ilivyo: ndani ya diski moja inahamisha, diski ikiwa nyingine inakopi. Kama hutaki ijiamulie, shikilia Shift ihamishe, au Ctrl ikopi. Ila achia kipanya kwanza, kitufe baadaye. Wengi hukosea hapo, halafu wanalaumu mashine.

Mimi nina steshenari. Kuna dada alileta vyeti vyake niviskani, nikaviweka kwenye folda pale deskitopu. Kipanya changu kilikuwa kimechoka, bofyo la kushoto linajiachia lenyewe njiani. Nasogeza folda lake pembeni, hilooo, limezama ndani ya folda la mitihani ya shule. Deskitopu peupe, na dada ananiangalia. Nilibonyeza Ctrl na Z, likarudi palepale. Ukichelewa ukafanya mambo mengine kwanza, huenda ikabidi utafute kwa jina.

Tangu siku ile naburuta kwa bofyo la kulia. Ukiachia, inakuuliza kwanza: nihamishe, nikopi, au niweke njia ya mkato? Ukighairi katikati ya safari, bonyeza Esc. Na yale maandishi madogo yanayofuatana na mshale yasome, yanakutajia folda unaloelekea kabla hujaachia.

(Bora sisi. Kwenye Macintosh za zamani, kutoa disketi ulikuwa unaiburuta hadi kwenye pipa la taka! Haifutiki, inatoka tu, lakini moyo lazima uruke.)

Kwenye Word ndiko kuna balaa zaidi, hasa kwa wenye laptop. Umeshachagua sentensi, kidole kinagusa tachipadi kidogo tu, sentensi imehamia aya nyingine na wewe huna habari. Nimewahi kuprinti CV ambayo namba ya simu ya mdhamini imekaa katikati ya elimu ya msingi. Nenda File, Options, Advanced, toa tiki panaporuhusu maandishi kuburutwa. Ukitaka kuhamisha aya bila kuburuta, ichague, bonyeza F2, weka kasa (kile kistari kinachopepesa) unapopataka, kisha Enter. Mimi kwenye mashine za wateja tiki hiyo nimeitoa zote, na hakuna aliyewahi kuiulizia.