Maswali yenu kuhusu shindano la piano la Chopin

Tangu Oktoba 2025, Mmarekani Eric Lu alipotwaa Shindano la Kimataifa la Piano la Fryderyk Chopin, mtunzi wa Poland wa karne ya 19, jijini Warsaw, maswali yenu yamerundikana. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Shindano zima wanapiga muziki wa mtunzi mmoja tu. Hawachoki? (Mwalimu wa kwaya, Moshi)

Wanachoka, mwalimu, na majaji ndio wanaochoka zaidi. Ila hivyo ndivyo lilivyokusudiwa. Mwanzilishi wake ni Jerzy Żurawlew, mpiga piano na mwalimu wa Warsaw, ambaye alifundishwa na Aleksander Michałowski, naye Michałowski alipata mafunzo kwa Karol Mikuli, mwanafunzi wa Chopin mwenyewe. Mtu wa ukoo wa namna hiyo lazima awe na wivu na mtunzi wake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Żurawlew aliona mambo mawili yaliyomkera. Vijana wa Poland walikuwa wamezama kwenye michezo, na gumzo lao ni nani kamshinda nani. Halafu Chopin alikuwa akipigwa ovyo, kalegezwa na kufanywa wa kulialia, hata wakawapo walimu walioona kuwa hafai kwa vijana. Ndipo akasema, kama wanapenda kushindana, basi na washindane kwa huyu huyu Chopin, mbele ya majaji wanaojua apigwe vipi.

Kulikuwa na siasa pia. Poland ilirudi kwenye ramani mwaka 1918, baada ya miaka 123 ya kugawanwa na Urusi, Prussia na Austria. Chopin, aliyeondoka Warsaw mwaka 1830 akiwa na miaka 20 na asirudi tena, alikuwa jina ambalo dunia nzima ililijua. Taifa jipya lingempata wapi balozi kama huyo?

Fedha hazikupatikana kirahisi. Żurawlew alibisha hodi nyingi, akaonekana mtu wa ndoto, mpaka mfanyabiashara Henryk Rewkiewicz alipokubali kubeba hasara endapo ingetokea. Januari 1927 wakakusanyika washiriki 26 kutoka nchi 8. Akashinda Lev Oborin wa Umoja wa Kisovieti. Kijana mwenzake kutoka huko huko, Dmitri Shostakovich, aliambulia cheti cha heshima, kisha akaenda zake kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa karne ya 20.

Vita vya Pili vilikata mfululizo. Wajerumani walioikalia Warsaw walipiga marufuku muziki wa Chopin hadharani, na mwaka 1940 wakaibomoa sanamu yake katika bustani ya Łazienki. Ukumbi wa Filharmonia, shindano lilikofanyikia, nao uliangamia. Shindano lilirudi mwaka 1949, miaka 100 tangu Chopin afariki, likahamia ukumbi uliojengwa upya mwaka 1955, na tangu hapo ni kila miaka mitano. Corona tu ndiyo iliyosogeza lile la 2020 hadi 2021.

Ni kweli bingwa aliwahi kupatikana kwa kurusha sarafu? (Nairobi)

Kweli. Mwaka 1932 Alexander Uninsky na Imre Ungár, Mhungaria asiyeona, walifungana alama. Sarafu ikarushwa, ikamwangukia Uninsky. Ungár akashika nafasi ya pili.

Majaji wanapimaje kitu kisichopimika? (Wasomaji kadhaa)

Kwa alama, hadi 25 kwa kila mshiriki katika kila hatua. Jaji haruhusiwi kumpa alama mwanafunzi wake, na alama ikipishana mno na wastani wa wenzake husogezwa karibu. Siku hizi alama zote hutangazwa shindano likiisha, ukaona kwa macho yako jaji mmoja akimpandisha mtu ambaye mwenzake amemwangusha. Mimi naona huo ni uungwana kuliko kujifanya wote walisikia kitu kimoja.

Nini hasa kilitokea mwaka 1980? (Dar es Salaam)

Hili nilikuwa nalisubiri. Ivo Pogorelić, kijana kutoka Yugoslavia, alipiga Chopin kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuisikia: kasi zake mwenyewe, sauti kali, na mavazi yasiyofanana na ya wengine. Baadhi ya majaji walimpa alama za juu kabisa, wengine wakamzika. Akaenguliwa kabla ya fainali. Martha Argerich, bingwa wa 1965 aliyekuwa mmoja wa majaji, alisema huyo ni kipaji cha ajabu, akafunga virago akaondoka. Kinachosahaulika ni kwamba jaji mwingine, Louis Kentner, alikuwa ameshaondoka mapema zaidi, wanafunzi wake walipoachwa katika hatua ya kwanza. Mmoja alikasirika kwa kuwa kijana alikatwa, mwingine kwa kuwa wa kwake walikatwa, na magazeti yakamkumbuka mmoja tu. Pogorelić alitoka Warsaw bila tuzo kuu ila na jina kubwa, na haukupita muda akawa anarekodi na Deutsche Grammophon, kampuni kubwa ya rekodi za muziki wa aina hii.

Katika vurugu hizo mshindi alikaribia kufunikwa, na kwangu yeye ndiye habari kubwa ya mwaka huo. Đặng Thái Sơn wa Vietnam ndiye Mwasia wa kwanza kulitwaa. Utoto wake aliupitisha vitani, shule ya muziki ya Hanoi ikiwa imehamishiwa kijijini kukwepa mabomu ya Wamarekani, na mama yake, mpiga piano, ndiye aliyemfundisha. Kwa maelezo yake mwenyewe, kabla ya fainali ile hakuwahi kupiga na okestra. Baadaye akawa mwalimu Kanada. Bruce Liu, bingwa wa 2021, ni mwanafunzi wake, na Eric Lu pia amepita mikononi mwake. Sơn alishinda kwa koncheto (kipande cha piano na okestra) ya Fa ndogo (F minor), wakati karibu washindi wote hupendelea ile ya Mi ndogo (E minor), na Lu naye mwaka 2025 akashinda kwa hiyo hiyo ya Fa.

Kuna miaka hakuna aliyeshinda? (Kampala)

Ndiyo, 1990 na 1995. Majaji walianzia tuzo ya pili. Mwaka 1995 tuzo hiyo waligawana Philippe Giusiano na Alexei Sultanov, na Sultanov hakuificha hasira yake. Sioni kosa kuacha kiti cha kwanza wazi, ila mara mbili mfululizo, miaka 15 nzima bila bingwa, inakuwa kama kuwakomoa vijana. Yundi Li wa China, mwenye miaka 18, ndiye aliyeuvunja ukame huo mwaka 2000.

Washiriki wanakuja na piano zao? (Zanzibar)

Hapana. Jukwaani huwapo piano za viwanda kadhaa, kama Steinway, Yamaha, Kawai na Fazioli, na mshiriki hupewa muda mfupi kuzijaribu na kuchagua. Viwanda vyenyewe vinashindana kimya kimya: Mrusi Yulianna Avdeeva alishinda mwaka 2010 kwa Yamaha, Liu kwa Fazioli.

Binti yangu ana miaka 12, anafanya mitihani ya piano na walimu wanamsifu. Anaweza kufika huko? (Mama wa Arusha)

Umri, mama, bado anao: kwa shindano la 2025 walikubaliwa wa kuanzia miaka 16 hadi 30. Ila mitihani ya madaraja haitoshi. Walioomba safari hiyo walizidi 600, kila mmoja akituma video, kisha ukaja mchujo Warsaw, halafu hatua tatu na fainali. Anayefika mwisho anakuwa ameshapiga saa kadhaa za Chopin, zote kwa kichwa. Tuzo ya kwanza ni yuro 60,000. Na mwambie Eric Lu aliwahi kuwa wa nne hapo hapo mwaka 2015, akiwa na miaka 17, akashinda shindano la piano la Leeds, Uingereza, mwaka 2018, ndipo akarudi Warsaw. Kwa sasa mtafutie mwalimu atakayemsikiliza badala ya kumsifu tu.

Mimi si mpigaji. Nianze kusikiliza wapi? (Mombasa)

Taasisi ya Chopin huweka hatua zote kwenye YouTube, bure. Wengi hukimbilia fainali kwa sababu ya okestra. Mimi ningekushauri uanze na hatua ya tatu, wanapopiga mazurka. Ni vipande vifupi vya ngoma za mashambani, vidole havipati tabu kubwa, lakini mdundo wake unayumba kidogo na hauandikiki. Ndiyo maana redio ya Poland imekuwa na tuzo maalumu ya mazurka tangu 1927. Mwaka 1955 tuzo hiyo hawakuichukua Wapolandi. Ilikwenda kwa Fou Ts'ong, kijana aliyetoka Shanghai.