Moyo kulia, ini kushoto, figo atapandikizwa?

Pole dada. Umeuliza kama kaka yako ambaye viungo vimekaa kinyume, moyo kulia ini kushoto, anaweza kupandikizwa figo, jibu ni ndio, usipaniki. Figo mpya haiwekwi zilipo za zamani, inakaa chini tumboni karibu na nyonga, inaungwa kwenye mishipa ya damu inayoshuka mguuni, zile mbovu mara nyingi zinaachwa humohumo. Ingekuwa ini ndo kasheshe, maana la mtu wa kawaida halikai hivihivi upande wa kushoto, mpaka waligeuze. Nyie ombeni siti skani ya mishipa ya damu mapema, na kila daktari mpya mwambieni, hata wa ultrasaundi asije akashangaa peke yake. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017, anzieni kliniki ya figo pale.