“Mama, Unavuta?” Swali Lililotuchelewesha Miaka Minne

Mama yangu hajawahi kutia sigara mdomoni. Alipoanza kukohoa kila alfajiri, kikohozi kizito cha makohozi, kila tulikokwenda kutibiwa aliulizwa swali lile lile: “Mama, unavuta?” Akisema hapana, maswali yanaishia hapo. Mara tukapewa dawa ya kikohozi, mara antibiotiki, mara tukaambiwa ni umri tu. Nasi wanawe tukaukubali huo umri upesi mno, na hilo bado linaniuma. Miaka 4 ikaenda.

Kilichotuzindua ni ngazi. Tulikuwa tunapanda pamoja, akasimama katikati, kiganja ukutani, mabega yamepanda, anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza kaa la moto. Nikamuuliza vipi. “Natazama nje kidogo, mwanangu.” Ukuta ule hauna dirisha. Kama una mzazi anayesimama-simama njiani na kila mara ana sababu, mara anafunga kiatu, mara anakusubiri wewe, sikiliza anavyopumua kabla ya kusikiliza sababu.

Daktari aliyetusaidia alianza na swali jingine kabisa: “Mama, miaka yote umepikia nini?” Kuni, akajibu, tangu akiwa na miaka 8, katika jiko lenye kidirisha kimoja. Mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto wa mwisho kubebwa pale ni mimi.

Akapimwa kwa spirometria. Unabanwa pua, unajaza kifua, kisha unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote mpaka pumzi iishe. Kifua kizima hutoa sehemu kubwa ya hewa yake ndani ya sekunde ya kwanza. Ya Mama ilitoka kidogo kidogo, kama tairi lenye pancha ndogo, muuguzi akihimiza: “Endelea, endelea, usiachie!” Akavuta dawa ya kutanua mirija, tukangoja, akapuliza tena. Hata baada ya dawa, hewa ya sekunde ya kwanza haikufika asilimia 70 ya yote aliyotoa. Ndipo tukasikia jina: ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao kwenye makaratasi ya hospitali huandikwa COPD.

Nilidhani mgonjwa wa namna hii hapati hewa ya kuvuta. Kumbe shida kubwa ni kuitoa. Moshi ukiingia mwaka baada ya mwaka, mirija huvimba na kujaa ute, na vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kwenda juu huchoka. Vifuko vya hewa navyo hupoteza ule mnyumbuko wake, kama mpira wa kiunoni uliolegea kwa kufuliwa. Hewa ya zamani inabaki ndani, mpya inakosa mahali. Na vifuko vikishaharibika havirudi. Dawa za kuvuta humpa Mama nafuu ya kweli, ila alichopoteza amekipoteza.

Sitaki mtu asome hapa akapata kisingizio: sigara ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Katika nchi tajiri, tumbaku inahusika na zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni kama asilimia 30 hadi 40, na huko moshi wa majumbani ni chanzo kikubwa: kuni, mkaa, samadi, mabua. Ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021. Ukiuliza “unavuta?” peke yake, wengi watakupita.

Kitu ambacho kimenibadilisha zaidi ni kuelewa kwamba hesabu huanza utotoni. Mapafu hukua mpaka miaka ya ishirini na kitu, baada ya hapo ni kula mtaji. Aliyezaliwa njiti, aliyeugua nimonia mara kwa mara akiwa mdogo, ambaye mama yake alivuta sigara akiwa mjamzito, au aliyekulia kwenye moshi, huenda akaanza utu uzima na mtaji pungufu. Pumu ya muda mrefu nayo inapunguza. Kifua kikuu vilevile: mtu anapona, kovu linabaki, na miaka baadaye hakuna anayekumbuka kulitaja. Litaje. Wachache hurithi upungufu wa protini iitwayo alfa-1 antitripsini, inayolinda mapafu, kwa hiyo mgonjwa akiwa kijana, au ndugu kadhaa wakiugua, ombeni kipimo chake.

Kaka yangu anachomelea vyuma, na anavuta. Nimemwambia wazi kwamba moshi wa kazini na wa sigara vinajumlishana, sawa na vumbi la mgodini, la nafaka au la pamba. Kuacha kunapunguza kasi ya mapafu kuchakaa hata kwa aliyevuta miaka mingi. Bado hajaacha. Sichoki kumwambia.

Ukienda kupimwa, nenda na historia nzima kwenye karatasi: ulipikia nini na kwa miaka mingapi, kazi zote ulizofanya, vifua ulivyougua utotoni, nani alivuta ndani ya nyumba. Kisha uliza moja kwa moja kama spirometria inapatikana, kwa sababu kusikiliza kifua peke yake hakutoshi.

Siku ile Mama alipotoka kwenye kiti alimgeukia daktari: “Na huyu niliyembeba?” Nikapimwa wiki iliyofuata. Alisimama pembeni yangu akihimiza kwa sauti kumshinda muuguzi: “Endelea, endelea, usiachie!” Yangu ilipita asilimia 70, ingawa si kwa kiasi kikubwa, nikaambiwa nirudi kupimwa tena. Jiko tulishalihamishia nje.