Kwa nini "make" husomwa "ma-ke"

Swali: Ninafundisha darasa la pili mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanasoma Kiswahili bila kusitasita, lakini wakifika kwenye Kiingereza, "make" wanaisoma ma-ke, "cat" wengine wanaisoma chati, na katika imla wanaandika "shipi" badala ya "ship". Alfabeti ya Kiingereza wameikariri yote. Nianze na kanuni zipi, na ile ya "c", "k" na "ck" niifundishe lini?

Jibu: Makosa uliyoyataja, mwalimu mwenzangu, ni makosa ya watoto waliofundishwa vizuri. Anayesoma "make" kama ma-ke anatumia kanuni ambayo haijawahi kumwangusha katika Kiswahili, kwamba kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, na hutamkwa vilevile popote ilipo. Irabu za Kiswahili ni tano kwa maandishi na tano kwa sauti. Kiingereza nacho kina herufi hizohizo tano za irabu, lakini zinabebeshwa sauti zinazokaribia ishirini, na kwa jumla sauti za lugha hiyo, kwa hesabu ya kawaida ya matamshi ya Uingereza, ni takribani 44 zinazogawana herufi 26. Waelezeni watoto jambo hili waziwazi siku ya kwanza, wasije wakadhani kwamba wamesahau kusoma.

Alfabeti waliyoikariri iwekeni kando kwa muda. Mtoto anayeunganisha "sii, ei, tii" hawezi kupata "cat", kwa kuwa hayo ni majina ya herufi, nayo si sauti zake. Lakini kuna tatizo jingine, nalo linatoka kwetu sisi tuliokulia kwenye ba, be, bi, bo, bu: tunapoambiwa tutoe sauti ya "t" tunasema "ta" au "ti". Konsonanti iliyobandikwa irabu namna hiyo ndiyo inayozaa "shipi". Anzeni basi na konsonanti zinazovutika, kama s, m, n na f, ambazo mtoto anaweza kuzishikilia mdomoni bila kuongeza kitu, kisha ndipo mje kwenye zile zinazokatika ghafla. Kwa neno kama "tap", mwambie afunge midomo kwenye p na aiache imefungwa mpaka uhesabu mbili. Irabu ya ziada haina mahali pa kutokea. Zoezi hili linaonekana la kitoto, ila mimi sijapata jingine linalolishinda.

Si lazima pia kufuata mpangilio wa a hadi z. Walimu wengi wa Uingereza wanaofundisha kwa njia ya sauti, yaani foniki, huanza na s, a, t, p, i na n, kwa sababu herufi hizo sita pekee zinatoa maneno mengi yanayosomeka mara moja: sat, pin, tap, tin, nap, pan. Mtoto anayesoma maneno kamili katika wiki ya kwanza hupata hamu ambayo wimbo wa alfabeti haumpi.

Baada ya irabu fupi, kama zile za sat na pin, kukaa sawa ndipo ije kanuni ya "e" bubu, na hapa mwalimu wa Kiswahili ana hazina ambayo wenzetu wa London hawana. Andikeni ubaoni keki, geti na tepu, na mbele ya kila neno asili yake: cake, gate, tape. Chini yake wekeni laini, faini, faili, paipu na saizi, kisha line, fine, file, pipe, size. Malizieni na noti, note. Waulizeni watoto ni herufi gani ya Kiingereza haikusikika, na ile irabu ya katikati imegeuka kuwa nini. Wataona wenyewe kwamba "e" ya mwisho imenyamaza, lakini imeifanya irabu iliyoitangulia itamke jina lake, na hapo ndipo "ei", "ai" na "ou" walizokariri zinapopata kazi. Kisha walinganishe tap na tape, pin na pine, hop na hope. Siku hiyo tosheka na jozi tano au sita.

Wakiuliza kwa nini herufi isiyotamkwa iandikwe, waambieni kwamba zamani ilitamkwa. Katika karne ya 14 Mwingereza aliyesema "name" alikuwa karibu sana na na-me, na anayesoma ma-ke leo amechelewa tu kwa miaka 600. Irabu ndefu za Kiingereza zilihama sauti kati ya karne ya 15 na ya 17, na katikati ya uhamaji huo William Caxton akaleta mashine ya uchapaji huko Westminster, mwaka 1476. Vitabu vilizidi kuwazoesha watu tahajia ya zamani huku vinywa vikiendelea mbele.

Kanuni hii ina maneno yanayoikiuka, na mengi kati yake yanaishia na "ve": have, give, love. Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa "v", kwa hiyo "e" hiyo ipo kwa ajili ya v tu wala haigusi irabu.

Sasa "c", "k" na "ck". Katika Kiswahili "c" haisimami peke yake, daima huandamana na "h", na ndiyo sababu "cat" inageuka chati. Mwanzoni fundisheni "c" yenye sauti ya k pekee, katika cat, cup na cot, na anayeandika "kat" msimkate alama katika miezi ya mwanzo, kwa sababu amesikia sawasawa. Kanuni ya uandishi ifuate baadaye: mwanzoni mwa neno, sauti ya k ikifuatwa na e au i huandikwa "k", kama kettle na king, ikifuatwa na a, o, u au konsonanti, kwa kawaida huandikwa "c". Mwisho wa neno la silabi moja, baada ya irabu moja fupi, huandikwa "ck": back, neck, sick, rock, duck. Kukiwa na konsonanti kabla yake, au irabu mbili, "k" inatosha: milk, desk, week, book. Kwamba "c" husomwa s mbele ya e, i na y, kama katika cent, city na rice, isubiri mpaka hayo yawe yamekaa. Kanuni ya "g" inayofanana na hiyo mimi siifundishi kabisa katika darasa la pili. Get, girl na give zinaivunja kabla mtoto hajaiamini.

Maneno kama said, was na one yafundisheni mawili au matatu kwa wiki, mkionyesha ni herufi ipi tu iliyoasi, maana katika "said" s na d ziko mahali pake na tatizo ni "ai" peke yake.

Ili kujua kama mtoto anasoma au amekariri sura ya neno, mpeni maneno yasiyo na maana. Shule za msingi za Uingereza zina upimaji wa namna hiyo tangu mwaka 2012, wenye maneno 40 ambayo nusu yake ni ya kubuni. Nanyi andikeni "mip" na "mipe" kwenye kadi mbili, lakini mkumbuke kwamba "mipe" kwa mtoto wa Morogoro inaonekana kama Kiswahili. Mwambieni kwanza kwamba kadi hizo ni za Kiingereza, kisha msikilize kama ile "e" imenyamaza.